Hakuna Aliyekutuma

Katiba ya jumuiya ya Debian ina kifungu ambacho ningependa kila mwenyekiti wa chama hapa kwetu akisome kabla ya kuitisha kikao kingine. Kinasema, kwa ufupi, kwamba hakuna neno lolote ndani ya katiba hiyo linalomlazimisha mtu kuifanyia jumuiya kazi. Ukipangiwa jukumu usilolitaka, unaliacha. Unachokatazwa ni kuwahujumu wenzako wanaofuata taratibu zilizowekwa. Katiba hiyo ni ya mwaka 1998, na jumuiya yenyewe ilitangazwa tarehe 16 Agosti 1993. Tangu wakati huo ni vyama vingapi vyenye faini za uchelewaji na barua za onyo vimezaliwa na kufa?

Kwa asiyeijua, Debian ni mfumo endeshi wa kompyuta. Unafanya kazi ileile ya Windows, ila hauuzwi na haumilikiwi na kampuni yoyote. Umejengwa juu ya Linux, ile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ian Murdock, mwanzilishi wa Debian, naye alikuwa mwanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Jina alilipata kwa kuunga la mchumba wake, Debra, na la kwake. Walioana, baadaye wakaachana, jina likabaki. Leo kuna vifurushi vya programu zaidi ya 60,000 ndani yake, na wanachama kamili wapatao elfu moja waliotapakaa duniani, wengi wao wakiifanya kazi hii usiku, baada ya ile inayolipa kodi ya nyumba. Kurasa nyingi unazofungua kwenye simu yako zinatoka kwenye seva za Debian, au za Ubuntu ambayo imejengwa juu yake.

Mimi niliingilia mlango wa Ubuntu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyewahi kuwa mtunzaji ndani ya Debian, aliianzisha mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ilikuwa ikituma CD bure kwa yeyote aliyeomba, popote alipo. Waliokuwa vyuoni wakati ule watakumbuka. Intaneti kafe ililipiwa kwa nusu saa, na kupakua mfumo mzima ilikuwa ndoto. Basi unajaza sanduku la posta la mjomba, unasahau, mpaka siku mjomba anakupigia simu kwa sauti ya wasiwasi kuuliza mzigo huu kutoka Ulaya una nini ndani na nani ataulipia. Hakuna cha kulipia, mjomba. Hakuamini, na sikumlaumu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2011.

Kutoka Ubuntu nilirudi nyuma hadi Debian, nikabaki huko. Kazi yangu ni kutunza seva, na mchango wangu kwa jumuiya umekuwa mdogo: naripoti kasoro. Unaandika barua pepe, unaeleza kilichoharibika na hatua za kukirudia, mashine inakupa namba. Mwishoni mwa mwaka 2021 namba hizo zilivuka milioni moja, na jumuiya haikuona haya, maana tangu mwaka 1997 iliandika kwenye Mkataba wake wa Kijamii kwamba haitawaficha watu matatizo. Ripoti yangu moja ilikaa kimya kwa miezi. Halafu usiku mmoja mtu wa Ujerumani akajibu, akaniomba nirudie jaribio kwa toleo jipya, nikarudia, akauliza tena, nikajibu. Kasoro iliporekebishwa, aliandika jina langu katika kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi kile, kwa mstari mmoja wa shukrani.

Kijana tunayefanya naye kazi aliuona mstari huo. "Sasa kaka, walikulipa shilingi ngapi?"

Hawakulipa.

"Na wewe unawalipa?"

Silipi.

"Basi hapo nani anakula?"

Nilimwambia arudi kwenye kiti chake, diski ya mteja ilikuwa imejaa. Lakini swali lake si la kijinga. Tumezoea kupima uanachama kwa mgao: ulitoa nini, utapata nini, zamu yako lini. Ndivyo vikoba vinavyokwenda, na si vibaya. Tatizo ni pale mgao unapokuwa gundi pekee. Vikoba nilivyowahi kuingia vilikufa kifo cha aina moja: mweka hazina alihama mtaa na daftari lake, au mwanzilishi alichukia, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kichwani mwake, hakuna aliyejua pa kuanzia.

Murdock aliondoka kwenye uongozi Machi 1996, kabla jumuiya haijatimiza miaka mitatu. Akamkabidhi mwingine, maisha yakaendelea. Alipofariki Desemba 2015, toleo lililotoka mwaka 2017 lilitolewa kwa heshima yake. Wengi walioliandaa hawakuwahi kufanya naye kazi. Kiongozi siku hizi huchaguliwa kila mwaka, na kwenye karatasi ya kura lazima liwepo chaguo la "hakuna hata mmoja kati ya hawa". Sisemi lije kwetu; nasema tu nimeliwazia. Mwaka 2019 muda wa kugombea ulikwisha bila mtu kujitokeza, ikabidi waongeze wiki. Mwaka uliofuata alichaguliwa Jonathan Carter wa Afrika Kusini, akarudishwa hadi 2024. Cheo hicho hakina mshahara, na anayekishika hawezi kumwamuru mtu.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni utaratibu wa kuondoka. Kila kifurushi kina mtunzaji mwenye jina lake. Mtunzaji akichoka, akipata mtoto, akibadilisha kazi, anatangaza kwamba anatafuta wa kumpokea. Asipopatikana, kifurushi kinaandikwa yatima kwenye orodha iliyo wazi kwa wote, na mwenye nafasi anajitokeza kukilea. Hakuna kikao cha kumsema aliyeondoka, wala hakuna anayelazimika kueleza mambo ya nyumbani kwake. Anaaga, anaacha kila kitu mahali kinapoonekana, anakwenda.

Kuingia ndiko kugumu kuliko kutoka. Kwa kawaida, anayetaka uanachama kamili hutakiwa aonane ana kwa ana na waliomo ili wamthibitishe. Watu wazima wanasimama mistari miwili inayotazamana ukumbini, kila mmoja na pasipoti mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Kwenye karatasi kuna tarakimu na herufi 40, alama ya ufunguo wake wa umma, ule unaothibitisha sahihi yake ya kompyuta. Unasoma yako kwa sauti, wa mbele yako anafuatilia kwa kalamu, anatazama picha ya pasipoti, anakutazama usoni, mnasogea hatua moja. Watu walioandikiana barua kwa miaka kumi ndipo wanapojua mwenzao ana mvi. Kwa mtu wa Mwanza au Bujumbura huu ni mlango mwembamba, kwa kuwa wa kumthibitisha anaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Mkutano wao mkuu wa mwaka umefika Afrika mara moja, Cape Town, mwaka 2016.

Wala nisiwapambe. Mwaka 2014 waligombana vibaya kuhusu programu inayoamsha kompyuta inapowashwa. Msomaji anaweza kucheka, lakini ugomvi ule uliwatoa wakongwe waliotumikia miaka mingi, na kundi jingine likajitenga na kuanzisha mfumo wake. Wengine waliandikiana maneno ambayo uso kwa uso wasingethubutu kuyatamka. Walipiga kura, walioshindwa wakabaki au wakaondoka, na toleo jipya likatoka.

Kisha likaja la mwaka 2024, ambalo lilinikosesha usingizi. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, ambayo karibu kila Linux inaibeba. Ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja nje ya Debian, kwa kujitolea, na alishasema wazi kwamba amechoka na hali yake si nzuri. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan. Alileta marekebisho mazuri kwa zaidi ya miaka miwili, na pembeni majina mengine yasiyojulikana yakawa yanamsukuma yule mchovu: mbona unachelewa, si umpe mwingine? Akampa. Msaidizi akaingiza ndani ya programu mlango wa siri wa kuvamia seva. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya programu nyingine kwenye Debian Sid, toleo lisilo thabiti lenye jina la yule mtoto mvunja midoli wa filamu ya Toy Story, akaona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde. Hakuna aliyemtuma kuifuatilia. Aliichimba nusu sekunde hiyo mpaka akaufikia mlango, na tarehe 29 Machi 2024 akautangaza. Mlango ulikuwa bado haujafika kwenye matoleo ya Debian yanayotumika makazini.

Wengi waliisimulia habari ile kama hadithi ya adui mjanja. Mimi nilimwona zaidi yule mtunzaji. Dunia nzima iliitumia kazi yake, na sauti zilizomfikia kwa wingi zilikuwa za kumharakisha. Laiti watu wachache waaminifu wangemwandikia mapema, "Ndugu, tupe nusu ya mzigo," Jia Tan asingepata nafasi.

Hapo nasi tumo. Watoa huduma za intaneti, vyuo na ofisi za Afrika Mashariki tumejengea mifumo yetu juu ya jasho la watu tusiowajua, bila kulipa leseni, na mara nyingi tunawakumbuka siku kitu kikiharibika. Tumekuwa walaji wazuri sana.

Orodha ya yatima iko wazi leo hii, haihitaji pasipoti wala ada. Kijana wa chuo, Dar, Nairobi au Kampala, tafuta humo kifurushi kimoja kidogo unachokitumia mwenyewe, soma ripoti zake za kasoro, jibu moja, kisha andika kwamba uko tayari kukilea. Nawe mwenye kampuni, mpe mfanyakazi wako Ijumaa moja kila mwezi aifanye kazi hiyo ofisini kwako, kwa mshahara wako.