Uhalisia na Chanzo cha Mwanga katika Picha za Tarakilishi

Mjadala wa uhalisia umezoeleka katika uhakiki wa riwaya. Nadra kutajwa kwamba waundaji wa picha za tarakilishi nao wameukabili, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa wao hulazimika kueleza kwa hesabu mwanga unatoka wapi.

Katika vielelezo vya awali taa mara nyingi ilikuwa nukta isiyo na ukubwa, na kivuli chake kilikatika kama kwa wembe. Taa halisi ina upana, ndiyo maana ukingo wa kivuli hufifia. Tena umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya mwanga hushuka hadi robo. Linalomhusu mhakiki zaidi ni kiasi cha mwanga kilichotiwa kila mahali kwa usawa, kama katika kielelezo cha Bui Tuong Phong cha mwaka wa 1975, ili pembe zisizofikiwa na taa zisiwe giza tupu. Mwanga huo hauna chanzo. Mlinganyo wa James Kajiya wa mwaka wa 1986 uliuondolea udhuru: kila uso hutoa mwanga wake wenyewe, ikiwa unao, pamoja na ule unaoakisi kutoka nyuso nyingine.

Je, mwanga usio na chanzo ni uongo? Katika filamu ya katuni, la. Hadhira huukubali kama inavyomkubali msimulizi maizi, ambaye hakuna anayemuuliza alijuaje. Lakini ichukuliwe picha ya nyumba ambayo haijajengwa, anayoonyeshwa mnunuzi kabla ya kulipa arbuni. Kuta, vigae na dirisha dogo linaloelekea ukuta wa jirani vyote vimepimwa sawasawa. Ila chumba kinang'aa kama baraza, kwa taa iliyofichwa nje ya upeo wa picha. Hakuna kitu kinachoonekana humo ambacho ni cha uongo, na bado mtu amedanganywa.

Huenda ikajibiwa kwamba kipimo ni jicho. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Cornell lililochapishwa mwaka wa 1986, watazamaji walilinganisha sanduku halisi na picha yake iliyokokotolewa, wasiweze kuvitofautisha kuliko mtu anayebahatisha. Jaribio hilo lilikuwa aminifu kwa sababu sanduku lenyewe lilikuwapo. Mnunuzi hana chumba cha kulinganisha. Anacho kiwanja kitupu na picha.