Bei ya Haki ya Kigoda cha Bibi

Wako watu ambao siku ya Jumamosi hutoka nyumbani kwenda kuwinda, wala hawachukui mkuki wala mbwa. Hawawindi wanyama, bali vitu vya kale. Huko Ulaya na Marekani kazi hii imekuwa burudani ya watu wengi: mwisho wa juma wenye nyumba hutandaza vyombo vyao vya zamani uani, na wapita njia huvipekua, kila mmoja akitumaini kuokota johari kwa bei ya takataka. Kwetu hakuna desturi kama hiyo, lakini tunayo magulio, tunayo minada, na tunao watu wapitao nyumba kwa nyumba wakiuliza, “Mama, hamna kitu cha zamani cha kuuza?”

Tuitazame nchi ya Waha, katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kasulu na Kibondo. Ndiyo nchi ya watawala wa kale walioitwa Bami, wa Heru na wa Muhambwe, ambao utawala wao ulikoma serikali ilipoondoa uchifu mwaka 1963. Ni nchi ya wafugaji na wahunzi. Basi si ajabu kukuta katika nyumba ya mzee mkuki uliofuliwa kijijini, kibuyu cha maziwa kilichong’aa kwa kushikwa na vizazi vitatu, au kigoda alichokalia babu alipoamua mashauri ya ukoo. Tena ni nchi iliyopokea wakimbizi wengi wa Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Ile ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na ile ya Mtendeli mwaka 2021. Mtu anayefunga safari namna hiyo huuza upesi: cherehani, baiskeli, sufuria, na pengine kitu alichokibeba tangu kwao.

Sasa tuweke mfano. Bibi mmoja ana mjukuu mgonjwa, naye ahitaji shilingi elfu kumi za dawa. Mchuuzi amwona na kigoda, akipiga picha kwa simu, ampelekea mwenzake Arusha au Dar es Salaam, apata jibu kwamba kitauzwa laki tatu. Arudisha simu mfukoni, amwambia bibi, “Nitakupa elfu kumi.” Bibi ashukuru, tena ambariki. Je, mtu huyu amenunua, au ameiba?

Atajitetea: “Sikumlazimisha. Yeye ametaja shida yake, mimi nimetoa fedha, tumepatana.” Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Lakini Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alipokuwa akisema juu ya mshahara wa mfanyakazi, alifundisha kwamba juu ya mapatano ya watu wawili iko haki ya asili iliyo kubwa kuliko mapatano yenyewe, na kwamba anayekubali masharti mabaya kwa kuogopa baya zaidi ametendwa jeuri. Neno lililo kweli juu ya jasho la mfanyakazi lawezaje kuwa uongo juu ya kigoda cha bibi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliangalia shauri hili karibu na sura yake yenyewe. Asema kwamba muuzaji akiiuza dhahabu yake akidhani ni shaba, naye mnunuzi ajua, basi mnunuzi hakununua kwa haki, na amepaswa kurudisha. Asema pia kwamba mwenye kitu akipata hasara kubwa kwa kuachana nacho, aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini si halali kuipandisha bei kwa sababu tu mwenzake ana haja kubwa ya kitu kile. Kwa ufupi, shida ya jirani si mali yetu, hata tuiuze au tuifanyie biashara.

Naye Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya Utatu, ataja mtu aliyemjua. Mtu huyo aliuziwa kitabu, akaona kwamba muuzaji hajui thamani yake na ataka bei ndogo mno. Akamlipa bei iliyo haki, ambayo muuzaji hakuitazamia kabisa. Ni wazi basi kwamba jambo hili lawezekana.

Labda msomaji atatukumbusha mfano wa Bwana Wetu juu ya mtu aliyeona hazina shambani, akaificha, akaenda kulinunua shamba. Lakini Bwana alikuwa akifundisha jinsi Ufalme wa Mbinguni unavyostahili kuachiwa vyote, wala hakuwa akifundisha namna ya kununua, kama vile alipoisifu busara ya wakili asiye mwaminifu hakuusifu udanganyifu wake.

Je, twasema kwamba mchuuzi asipate faida? La, hasha. Nauli yake, ujuzi wake, na hatari ya kubaki na kitu kisichonunuliwa vyastahili ujira, na Mtakatifu Thoma mwenyewe akubali faida ya biashara ikiwa ni malipo ya kazi. Kuna tofauti kati ya kulipwa kwa ajili ya ujuzi wako na kulipwa kwa ajili ya ujinga wa mwenzako. Mchuuzi mwenye haki angesema, “Bibi, kitu hiki kina thamani. Natumaini kupata laki tatu; gharama zangu ni hizi, faida yangu ni hii, na hii ni sehemu yako.” Na kama bibi, akiisha kujua, ataka kukibakiza kwa ajili ya wajukuu, mwenye haki atamwacha. Isitoshe, vitu vingine ni mali ya taifa pia: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda, na mtu hawezi kuvitoa nje ya nchi apendavyo, hata kama amevilipia.

Wazazi, waambieni watoto thamani ya vitu vilivyomo nyumbani: nani alikichonga hiki, nani alikikalia. Anayejua hadanganyiki upesi. Nanyi mnaopenda kununua vitu vya kale, kabla ya kutoa fedha jiulizeni: Je, ningethubutu kumwonyesha bibi huyu jibu lililo katika simu yangu? Mtu asiyethubutu amekwisha kuhukumiwa na dhamiri yake. Na kama kitu kile kiko tayari sebuleni mwake, ajue kwamba amri ya saba haitimizwi kwa kusikitika tu. Njia ya Kasulu na Kibondo ingali wazi, na deni hulipwa kwa mwenyewe.