Ahadi ni Deni

Anayeahidi hudhani ametoa kitu. Wahenga wanamwambia amekopa. Na deni lina mwenyewe: neno likishatoka kinywani, haki ya kulidai ni ya aliyeahidiwa, hata kama msemaji hakumkusudia.

Hapo ndipo methali hii inapoibana Marekani. Julai 1776 taifa hilo lilitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwandishi wa tamko lile, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Wapo wanaosema basi maneno yale hayakuwahusu watu weusi. Naikataa hoja hiyo. Ni hoja ya mdaiwa anayetaka kuchana daftari. Aliyesema "wote" amejifunga kwa wote. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani, alilidai neno hilo hadharani mwaka 1852. Martin Luther King naye, mwaka 1963, alilifananisha na hundi iliyokataliwa benki kwa kukosa fedha.

Mwaka 1870 katiba ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Deni likakiriwa, lisilipwe. Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, kibarua wa shamba la pamba huko Mississippi, alikwenda mjini Indianola kuingia katika daftari la wapiga kura. Alikuwa na miaka 44. Wakampa kifungu cha katiba ya jimbo akifafanue, wakamfelisha. Mtu amekuja kuchukua chake, anapewa mtihani! Siku ileile mwenye shamba akamtaka afute ombi lake au aondoke mahali alipofanya kazi kwa miaka 18. Mama yule akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya mwenye shamba, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Usiku huo akahama.

Dawa ya deni ni kulipa, na Agosti 1965 sehemu ililipwa: ilipita sheria ya kulinda haki ya kura, miezi michache baada ya waandamanaji waliodai haki hiyo kupigwa darajani mjini Selma. Kwa hiyo nikiulizwa kama Marekani imewahi kutimiza ahadi yake, nasema imelipa kidogo kidogo, na kila mara kwa kudaiwa. Tena kilicholipwa huweza kuporwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliondoa kinga kubwa ya sheria ile. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza masharti makali ya vitambulisho kwa wapiga kura. Kabla mwaka haujaisha, wadai walikuwa wamekwisha kufungua kesi.