Vitambaa vya Bibi

Mafundi cherehani wa Ujiji hutupa vipande vya vitenge visivyotosha hata kola. Bibi yangu huviokota na kuviunga kwa mkono, vikawa vitambaa vya viraka vyenye ukubwa wa sinia. Nyumbani tumevitafutia kazi: hiki cha kuepulia sufuria, kile cha kufunikia mtungi, kingine tunakunja ngata ya kubebea ndoo.

Je, tunamheshimu, au tunampoza tu? Nyuma ya swali hilo kuna jingine: asiyeweza tena kulima ana faida gani?

Watu wa Kigoma tunajua kusifu kilichorudi kazini. Meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza tena safari 1927. Lakini bibi hatarudi shambani. Kama heshima ni ujira wa kazi, basi yake imekwisha.

Mimi nakataa. Thamani ya kitambaa haikuanza tulipokipeleka jikoni. Ilianza pale bibi alipoona kipande kile hakistahili kutupwa. Matumizi yanatupa sababu ya kukishika kila siku, basi. Ndiyo maana kimoja sijakipa kazi yoyote. Kipo tu, na kinatosha.