Daftari la Siku Nne za Idi



Kabla ya likizo ya Idi, sisi wa kamati ya afya tuligawa madaftari madogo kwa familia zetu zinazokaa hapa Al Sadd. Ombi lilikuwa dogo: kwa siku nne, andika kila ulichokula na kunywa, na dakika ulizofanya mazoezi. Tunao wenzetu wenye kisukari na presha, na siku za sikukuu ndizo huwasumbua zaidi.

Madaftari yalirudi yakiwa masafi mno. Mboga, samaki wa kuchoma, maji, na dakika 30 za kutembea kila jioni. Lakini siku zile tulikuwa pamoja! Majirani zetu Waislamu wa kutoka Mombasa na Zanzibar walitukaribisha, tukala pilau, nyama ya mbuzi na kaimati, tukanywa karak kikombe baada ya kikombe. Aliyeandika kaimati ni mtu mmoja tu.

Wala hatuwanyooshei wengine kidole. Katika daftari letu sisi tuliogawa, siku ya pili ina maneno mawili: "Zamu, usiku." Ni kweli tulikuwa zamu. Tulichokula saa nane ya usiku hatukukiandika.

Je, kuna ubaya gani? Daftari ni lako, mwili ni wako, na hakuna aliyeibiwa.

Mithali sura ya 11 inaanza na mizani ya udanganyifu. Tumezoea kusikia neno hilo likihubiriwa juu ya mfanyabiashara anayempunja mteja. Daftari nalo ni mizani, ila hapa anayepima na anayepunjwa ni mtu yule yule.

Kazini tunajua hasara yake. Mgonjwa wa kisukari anakuja, sukari iko juu, na daftari linasema anakula vizuri. Daktari akiliamini, ataona kwamba dawa haitoshi, naye ataiongeza. Sikukuu ikiisha, mgonjwa anaanza kweli kula kidogo kama alivyoandika. Sasa dawa ile, hasa ikiwa ni insulini, inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, na asiposaidiwa mapema anaweza kupoteza fahamu. Yote hayo yalianzia kwenye kaimati ambazo hazikuandikwa.

Basi kwa nini tunaficha? Tulimwuliza mama mmoja kwa upole. Akajibu, "Sista, nilijua utanigombeza."

Tulinyamaza. Ni kweli tulishamgombeza siku za nyuma, tena mbele ya watu. Hivyo uongo wa daftari lake haukuwa wake peke yake. Anayesoma kwa ukali huwafundisha watu kumwandikia anachotaka kusoma. Nasi wazazi tujiulize kama watoto wetu hawatufichi matokeo ya shule kwa sababu hiyo hiyo.

Wengine watasema dawa ni kukataa sahani ya jirani. Hatudhani hivyo. Sisi tulio mbali na nyumbani tunajua thamani ya mtu anayekugongea mlango na kukuambia, karibu tule. Kupokea ukarimu wake ni jambo jema, na kuandika "pilau, sahani mbili, kwa jirani" hakulichafui. Ukishaandika, unajua kesho upunguze nini na utembee kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Jua likishatua, kutoka kituo cha metro cha Al Sadd kwenda na kurudi kwa mguu ni mwanzo mzuri. Usipotembea, andika sifuri. Sifuri ya kweli inatusaidia kuliko 30 ya kubuni.

Likizo ijayo tutagawa madaftari tena. Halitasomwa hata moja mbele ya wengine, na tunamwomba msamaha yule mama na kila tuliyemwaibisha. Tutaanza kwa kujaza ukurasa wetu wenyewe wa siku ya pili: saa nane ya usiku, chapati tatu na soda moja. Mazoezi, sifuri.