Bendeji Isiyofunguliwa

Ukiuliza thamani ya kisu utaonyeshwa makali yake, na thamani ya jembe hujulikana shambani. Lakini wako watu, msomaji, wanaokusanya vifurushi vya huduma ya kwanza vya askari wa zamani, na kwao hesabu hii imepinduka. Kifurushi ambacho hakikufunguliwa tangu mwaka wa 1915 chatafutwa kwa bei kubwa. Kilichofunguliwa, hata kama kilizuia damu ya mtu, bei yake huanguka. Je, kitu kilichofanywa ili kitumike chaweza kupata heshima kwa sababu hakikutumika?

Tukitazame kwanza kitu chenyewe. Mwaka wa 1869 Friedrich von Esmarch, mpasuaji wa Kijerumani aliyefundisha Kiel, aliandika juu ya kufunga majeraha katika uwanja wa vita, akataka askari awe na kitambaa cha kufungia jeraha mwilini mwake. Majeruhi asiyekuwa nacho alingoja afikiwe, na aghalabu mauti yalimfikia kwanza. Shauri hili lilienea. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wa Uingereza alikuwa na mfuko mdogo ulioshonwa ndani ya koti lake, na mfukoni mlikuwa na kifurushi cha bendeji mbili safi, kila moja na pini yake. Wamarekani nao, katika miaka ya 1920, walibuni huko Carlisle, Pennsylvania, bendeji iliyotiwa katika kikopo cha madini kilichozibwa kisiingie maji. Askari wao walikichukua mkandani katika vita vya 1939 hadi 1945.

Askari hao walifundishwa kanuni moja ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza huiona ya uchoyo: ukimkuta mwenzako amejeruhiwa, mfunge kwa bendeji yake yeye, si kwa yako. Si uchoyo hata kidogo. Huenda saa ijayo wewe ndiwe utakayelala chini, na atakayekuja kukuokoa atapapasa mfuko wako. Akiukuta mtupu, ukarimu wako wa asubuhi utakuwa umekuponza jioni. Basi kila kifurushi kilikuwa na mtu wake mmoja, nacho kilimngoja yeye tu.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kifurushi kisichofunguliwa hakina heshima. Pengine mwenyewe alirudi kwao mzima. Pengine aliuawa papo hapo, asiwe na haja ya bendeji. Pengine hakikupata kutoka ghalani. Mkusanyaji hajui ni lipi katika haya, wala hawezi kutazama ndani, kwani akikifungua amekiharibu. Ni mali ya ajabu hiyo, ambayo mtu huilipia kwa sharti kwamba asiione.

Shaka yangu ni juu ya mkusanyiko mzima. Bendeji zilizotumika zililowa damu, zikatupwa au zikachomwa moto; zilizosalia ni zile zisizoguswa. Meza ya mkusanyaji, iwe pana namna gani, yaonyesha vita ambavyo hakuna aliyeumia. Kila kitu ni safi na kimepangwa. Kijana akisimama mbele yake aweza kudhani kwamba vita ni kazi ya watu nadhifu.

Tena wako wasiokuwamo mezani kabisa. Katika vita vile vile vya 1914 hadi 1918 watu wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza. Vifo vyao vilivyoandikwa vilizidi 40,000, na walio wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria na kichomi. Hakuna bendeji ifungayo kuhara. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali ambapo watu hununua na kuuza bila kukumbuka jina lilikotoka. Atakayetaka kukusanya dawa walizozikosa atakusanya nini?

Usidhani kwamba namlaumu mkusanyaji. Kazi yake yataka elimu, na pengine ushujaa pia: baadhi ya masanduku ya zamani yana vitambaa vya kutibu moto vilivyotiwa asidi ya pikriki, na asidi hiyo ikikauka yaweza kulipuka. Wataalamu wa mabomu wamepata kuitwa kwa ajili ya sanduku la dawa.

Lakini kama ningeruhusiwa kuchagua kitu kimoja mezani, ningekiacha kikopo cha Carlisle kinachong'aa. Wamarekani walikuwa na tyubu ndogo ya madini laini, yenye sindano, iliyojaa mofini ya kutuliza maumivu. Mganga wa askari alipokwisha kuikamua hakuitupa. Aliibandika kwa sindano yake katika ukosi wa majeruhi, ili mganga wa pili aione, asije akamzidishia dawa ikamwua. Ningechukua moja ya hizo, iliyokamuliwa na kukunjamana. Labda mkusanyaji ataniambia kwamba nimechagua takataka, naye ataniachia bure.