Masomo ya Ng'ambo: Shahada Hiyo ni ya Nani?



Tuseme mama mmoja wa Mombasa, mfanyakazi wa wakala wa forodha, amepata nafasi ya kusomea uzamili wa usimamizi wa ugavi wa kimataifa huko Uingereza. Ni masomo ya mwaka mmoja, kama yale ya Chuo Kikuu cha Cranfield. Hufundisha jinsi bidhaa inavyotoka kiwandani hadi dukani: meli, maghala, ushuru, na hasara ya kuchelewa. Elimu hii ina faida. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, na mizigo ya nchi nyingi ikachelewa.

Lakini tangu Januari 2024, Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa uzamili wa darasani kwenda na wenzi wao wala watoto. Je, ni haki mama aende, amwachie baba watoto watatu? Au ni haki kukizika kipawa alichopewa na Mungu?

Wengine hujibu upesi kwamba mke haachi nyumba. Lakini angekuwa mume, si tungemfanyia harambee? Kiapo cha altareni mlikitoa wote wawili. Kanuni ya 1151 ya Sheria ya Kanisa (1983) inawadai mume na mke sawasawa kuishi pamoja, isipokuwa pawepo sababu halali. Naye Mtume Paulo (1 Wakorintho 7:5), ingawa anazungumzia sala, anaweka masharti mawili ya kutengana: mpatane, na iwe kwa muda.

Kupatana si kunyamaza. Wapo wasemao "nenda tu" huku moyo unakataa. Masomo haya yenyewe yanatuonya. Mwaka 1961 Jay Forrester wa MIT, Marekani, alieleza jinsi badiliko dogo la mauzo dukani linavyokuwa msukosuko mkubwa kiwandani, kwa kuwa agizo hupita mikono mingi na habari huchelewa. Nyumbani ni vivyo hivyo. Neno dogo lisilosemwa Januari huwa ugomvi mkubwa Desemba.

Basi kaeni chini kabla ya kutia sahihi. Karo italipwa na nani, na mkopo ni wa nani? Watoto watalelewa na nani? Tarehe ya kurudi ni ipi, na je, akipewa kazi huko? Ulizeni pia kama haja hiyo yaweza kutimizwa bila kuondoka. MIT, kwa mfano, hufundisha masomo ya ugavi kwa intaneti.

Ikiwa mmoja bado anakataa, mwingine asiende kwa nguvu. Lakini anayekataa naye ajichunguze mbele ya Mungu: nakataa kwa kuipenda familia, au kwa kuogopa mwenzangu atanipita? Wivu ukivaa vazi la malezi ungali wivu.

Mkikubaliana kweli, shahada hiyo ni ya wote wawili. Yule aliyebaki akipika ugali na kukagua kazi za shule ameisomea pia. Siku ya kuipokea, asisahauliwe.

Usiku wa leo, zimeni televisheni, salini pamoja, kisha mzungumze. Mungu azibariki nyumba zenu.